Sauti Iliyokatwa Hujulikana Vipi?

Hebu inua noti ya shilingi mia kwenye mwanga. Utaona kichwa cha simba kimejificha ndani ya karatasi. Siku hizi wataalamu wa sauti nao wana simba wao, ila huyu hujificha ndani ya maneno yaliyonaswa. Na akivunjika shingo, ndipo kazi yake huonekana.

Enzi za kanda, hakukuwa na haja ya kumficha. Mnamo 1973 iligunduliwa kwamba kanda moja ya Rais Richard Nixon wa Marekani, iliyonaswa Juni 20, 1972, ilikuwa na mvumo mtupu kwa dakika 18 na nusu. Katibu wake alikiri kufuta kama dakika tano tu, kwa bahati mbaya, alipokuwa akijibu simu. Wataalamu sita waliichunguza, na mwaka wa 1974 wakatangaza kwamba ilifutwa mara tano au zaidi. Walijuaje? Mashine ikianza au ikikoma kunasa, huacha alama za sumaku kwenye utepe.

Faili ya kompyuta haina utepe. Mtu akisema, "Sitalipa deni hilo kabla ya Ijumaa," mjanja huondoa maneno matatu ya mwisho, na mdaiwa mwaminifu akageuka laghai. Sikio halitambui lolote.

Hapo ndipo alama fiche inapohitajika. Katika sauti ya kiwango cha CD, kompyuta hupima mawimbi mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa kwenye mojawapo ya ngazi 65,536. Kupandisha au kushusha kipimo kwa ngazi moja hakusikiki. Basi kinasa sauti huchezesha ngazi hizo kwa mpangilio unaotokana na ufunguo wa siri. Akate mtu neno moja, mpangilio huvurugika papo hapo, na mwenye ufunguo huona ni wapi.

Lakini simba huyu ni dhaifu mno. Sauti ikibanwa kuwa MP3, vijisauti visivyosikika hutupwa, na alama hufa pamoja navyo hata kama hakuna aliyekata chochote. Ikifanywa sugu zaidi, huenda isigutuke neno dogo linapoondolewa. Tena sharti iwekwe wakati wa kunasa. Kesi ikishaanza, umechelewa.

Simu nyingi hazina alama hiyo. Kwa hivyo, ukinasa jambo zito, usifute faili ya kwanza.