Deni la Msafiri kwa Rafiki Yake: Mazungumzo ya Jioni Katika Kiogoro

Kiogoro ni mahali pa vilima na migomba katika Nyaribari, si mbali na mji wa Kisii. Asubuhi ni ya kazi: majani chai huchumwa, ng'ombe hukamwa, na watoto huenda shule. Lakini jioni, kazi zikipungua, watu hukutana katika hoteli ndogo za sokoni mbele ya kikombe cha chai ya maziwa, na hapo habari hubadilishwa. Kwanza huulizwa hali ya nyumbani. Pili huulizwa aliye safarini. Tatu, chai ikianza kupoa, huja zamu ya watu mashuhuri: mkimbiaji gani ameshinda, mwimbaji gani ameoa, mbunge gani amehama chama.

Wako wanaoyadharau mazungumzo ya namna hii na kuyaita porojo. Dharau hiyo haina msingi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kisii ina watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Katika nchi yenye ardhi haba kiasi hicho, habari ya mtu aliyesafiri si mchezo. Kwa habari hiyo mzazi huamua kumpeleka mwanawe ng'ambo, na kwa habari hiyo hiyo shamba huuzwa. Habari iliyo kweli tupu hujenga nyumba. Habari iliyo nusu ya kweli yaweza kuibomoa.

MSAFIRI ALIPOKUWA NDIYE MASHUHURI

Zamani habari ya safari na habari ya mtu mashuhuri zilikuwa jambo moja katika Gusii. Mnamo Julai 1954 kijana wa Kigusii, Nyandika Maiyoro, alishindana mjini London katika mbio za maili tatu. Aliondoka kwa kasi iliyowashangaza watazamaji, akawaacha Waingereza nyuma kwa kitambo, na mwisho akawa wa tatu. Mbele yake walikuwa Freddie Green na Chris Chataway, ambao siku hiyo walivunja rekodi ya dunia. Kutoka hapo alivuka bahari hadi Vancouver, katika Canada, kwa Michezo ya Dola na Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Mwaka 1956 alikwenda Melbourne, Australia, kwa Olimpiki, akawa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960 alikuwa Roma, akawa wa sita.

Msomaji na azitazame vema nafasi hizo: ya tatu, ya nne, ya saba, ya sita. Hakuna hata moja iliyo ya kwanza. Hata hivyo, mpaka alipofariki mwaka 2019, na hata sasa, jina la Nyandika hutajwa kwa heshima kama la mtu aliyefungua njia. Nyuma yake alipita Arere Anentia, aliyepata nishani ya shaba katika maili sita huko Cardiff mwaka 1958. Kisha akaja Naftali Temu. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, Temu alimshinda Mamo Wolde wa Ethiopia kwa hatua chache tu katika mita 10,000, akailetea Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Mwaka 1993 Yobes Ondieki, naye mwana wa Gusii, alikimbia mwendo huo huo huko Oslo kwa dakika 26 na sekunde 58, akawa mtu wa kwanza duniani kuumaliza chini ya dakika 27.

Watu hawa waliheshimiwa kwa yale waliyoyafanya. Saa ya mwamuzi ilisema kweli, na kweli hiyo haikumshusha aliyekuwa wa saba.

SIMU IMELETA WEPESI NA MASHAKA

Siku hizi habari haingoji msafiri arudi. Simu ya mkononi imeingia katika kila boma. Bibi kizee aliye Kiogoro huona uso wa mjukuu wake aliye Minnesota, katika Marekani, ambako Wakisii wengi wamefanya makao. Wakati wa baridi, saa kumi na mbili alfajiri katika Kiogoro ni saa tatu ya usiku uliotangulia katika Minnesota. Kwa hiyo mmoja hupiga simu akienda kukama, na mwingine huipokea akijiandaa kwa kazi ya usiku.

Wepesi huo ni neema, lakini umekuja na mashaka. Mara ngapi watu mashuhuri wametangazwa katika simu kuwa wamekufa, nao wakaonekana kesho yake wazima wa afya? Uongo ukizidi, hata kweli hukosa wa kuiamini. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 ilitangazwa kwamba Kelvin Kiptum, kijana wa miaka 24 aliyeweka rekodi ya dunia ya mbio za marathoni huko Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, amekufa katika ajali ya gari upande wa Kaptagat pamoja na mwalimu wake Gervais Hakizimana. Wako waliosema, "Huo ni uzushi kama ule mwingine," wakalala. Asubuhi walikuta msiba ni wa kweli.

Uzushi juu ya mtu mashuhuri hupita. Lakini uko uongo mwingine usiopita, nao hautangazwi na mgeni bali na jamaa mwenyewe. Ni ule wa msafiri anayetuma picha ya gari na kuficha habari ya kazi. Mfano wa wazee wawili watosha kuuonyesha.

KARANI NA MKULIMA

Mmoja ni karani mstaafu. Wa pili ni mkulima wa chai. Walitahiriwa mwaka mmoja, na urafiki wao haukukatika. Karani alikuwa ametoka Minnesota, alikokaa miezi mitatu kwa binti yake kumwona mjukuu. Jioni ya tatu baada ya kurudi kwake walikaa pamoja sokoni, na mkulima akaagiza chai na mandazi, maana ni desturi mwenye kungoja habari amkaribishe mwenye habari.

Karani alisimulia vizuri. Alieleza saa nane na zaidi za ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam, na nyingine tisa hivi kutoka hapo hadi Minneapolis. Alieleza theluji, na maziwa yanayoganda mpaka magari kupita juu yake, na baridi ya chini ya sifuri kwa digrii ishirini. Walizungumza juu ya wakimbiaji wa leo, wakawalinganisha na wale wa zamani, wakakubaliana, kama wazee wote wakubalianavyo, kwamba wa zamani walikuwa hodari zaidi kwa kuwa hawakuwa na viatu vya maana.

Ndipo mkulima aliposogeza kiti chake. "Mzee mwenzangu," akasema, "nimefurahi kwa habari zako, maana nami nina jambo. Kijana wangu amepata wakala mjini atakayemfikisha Marekani kwa masomo na kazi. Ataka fedha kabla ya mwisho wa mwezi. Nimepata mtu wa kununua kile kipande cha chai cha chini, karibu na mto."

Karani alinyamaza. Kisha akauliza, "Mama watoto ameafiki?"

"Bado sijamwambia. Nilitaka kwanza nisikie kwako. Picha za binti yako tumeziona wote: nyumba, gari, na mumewe amevaa suti. Kama wao wamefika hapo kwa miaka minne, kijana wangu atashindwa na nini?"

Hapo karani aliona njia mbili mbele yake. Akikaa kimya, sifa ya nyumba yake itabaki ilivyo, na rafiki yake atauza chai. Akisema, chai itabaki, na sifa itapungua. "Ndugu yangu," akasema, "maneno mengine yakitoka yataniaibisha mimi na mkwe wangu."

Mkulima akajibu, "Tumemtaja Nyandika sasa hivi. Kule Melbourne alikuwa wa saba. Ni nani aliyemcheka?"

Karani akakiweka kikombe chini, akasema yote. Mkwe wake, aliyesomea uhasibu, hufanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Huwaosha, huwageuza kitandani, huwalisha. Akitoka huko alfajiri hulala saa nne, kisha huenda kwenye kazi ya pili. Suti ile ni ya kanisani. Gari ni la mkopo, na asipolilipia litachukuliwa. Mwaka wa kwanza hawakutuma nyumbani hata shilingi moja, wala hawakuwa na choyo. Kodi ya nyumba na karo vilimaliza kila kitu. Binti yake alilia usiku mmoja jikoni, akidhani baba amelala.

"Si kazi ya aibu," karani akamaliza. "Kumwosha mzee asiyejiweza ni kazi ya utu, nami nilimheshimu mkwe wangu zaidi nilipoiona. Aibu ni yangu, niliyewaambia ninyi kwamba yuko ofisini. Mtoto wako anaweza kwenda na akafaulu. Wako wengi waliosomesha ndugu zao na kuwajengea wazazi kwa jasho hilo. Lakini asiende kwa kuuza chai, na asiende kwa mkono wa mtu usiyemjua."

YAMPASAYO MZAZI KABLA YA KUTOA FEDHA

Mashauri ya karani yalikuwa ya mtu aliyezoea majalada, nayo yafaa kwa kila mzazi.

Kwanza, wakala anayetafutia watu kazi ng'ambo hana budi awe na leseni, na majina ya wenye leseni yanapatikana kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Asiyekuwamo asipewe hata senti. Pili, chuo kinachotajwa kiandikiwe barua na mzazi au kijana mwenyewe, kiulizwe kama kinamtambua mwanafunzi huyo na karo yake ni kiasi gani. Tatu, viza hutolewa na ubalozi peke yake. Mtu wa kati anayeahidi kwamba ataipata kwa hakika anauza kitu kisicho chake. Nne, kila fedha inayotolewa iandikiwe risiti.

Tano ni habari ya ardhi. Sheria ya mwaka 1967 yataka uuzaji wa shamba la kilimo upate kibali cha bodi ya ardhi, na sheria ya mwaka 2013 juu ya mali ya ndoa humkataza mume kuuza mali hiyo bila idhini ya mkewe. Masharti haya hayakuwekwa ili kumsumbua mkulima. Yaliwekwa kwa sababu shamba likishauzwa kwa haraka, halirudi kwa majuto.

Anayedhani kwamba hatari hii ni ya wajinga tu na akumbuke yaliyotokea Uasin Gishu. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa katika mpango wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada. Walikuwamo watu wenye elimu na vyeo, na wakala hakuwa mtu wa kificho, maana mpango wenyewe ulipita katika serikali ya kaunti. Wako waliouza mashamba.

MWISHO WA HABARI

Jioni ile mkulima alikwenda nyumbani, akamwambia mkewe jambo lote. Mke alikasirika kwanza, kisha akauliza maswali ambayo mumewe hakuwa na majibu yake. Kesho yake binti yao, aliye kidato cha nne, alilitafuta jina la wakala katika orodha ya wenye leseni kwa simu. Halikuwamo. Aliyetaka kununua kipande cha mto akaambiwa kwamba hakiuzwi.

Kijana hakufurahi, wala hajaiacha nia yake ya safari. Sasa anaandika barua yeye mwenyewe kwa vyuo viwili, na karani mstaafu humsahihishia. Akipata nafasi atakwenda akijua anakokwenda.

Naye karani, aliyeogopa kupungukiwa na sifa, aliona jambo ambalo hakulitazamia. Watu wa Kiogoro walianza kumjia mmoja mmoja jioni, kila mtu na habari ya mwanawe aliye mbali, Qatar, au Boston, au Nairobi tu, wakimwuliza, "Bwana Karani, tuambie kweli." Chai hulipwa na wanaouliza. Habari za wakimbiaji na waimbaji hazijaachwa, bali sasa huja baada ya zile za watoto.