Wataka kuwa mshauri wa utafiti wa dawa? Anza na daftari lako

Chanjo anayodungwa mwanao kliniki, tembe za malaria unazonunua dukani, dawa ya shinikizo la damu anayomeza mzazi wako kila asubuhi: zote zilijaribiwa kwanza kwa watu waliokubali kwa hiari yao. Kati ya watu hao na dawa kufika dukani kuna wafanyakazi ambao ni nadra kutajwa. Hao ndio wanaokagua fomu, kulinganisha tarehe, kuhesabu tembe zilizorudishwa na kuuliza kama kweli mgonjwa alielezwa kile alichotia sahihi.

Wengi wa wafanyakazi hao huajiriwa kwa mkataba na taasisi za utafiti au kampuni za dawa. Mradi ukiisha, nayo kazi huisha. Wakati mwingine mradi hukatika hata kabla ya siku zake. Mnamo Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, miradi ya utafiti wa tiba barani Afrika iliyotegemea fedha hizo ilikwama ghafla.

Iwapo wewe ni muuguzi, tabibu, mfamasia, mtaalamu wa maabara au karani wa takwimu uliyewahi kufanya kazi katika mradi wa aina hii, huenda umejiuliza kama unaweza kujiajiri na kuuza ujuzi wako mwenyewe. Jibu ni ndiyo, unaweza. Hata hivyo, yafaa ujue mapema bidhaa unayouza ni ipi. Mteja hakulipi kwa sababu una cheti ukutani. Anakulipa ili aweze kuamini kwamba kilichoandikwa katika karatasi za utafiti ndicho kilichotokea.

Kwa nini karatasi?

Wasomaji wa makamo watakumbuka dawa ya Kemron. Mwaka wa 1990 ilitangazwa humu nchini kwa shangwe kuwa yaweza kuwatibu wagonjwa wa Ukimwi. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda lililowalinganisha wagonjwa waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisichokuwa na dawa, hayakuona manufaa hayo. Matumaini ya wagonjwa yalikuwa yamekwisha kupanda. Funzo ni kwamba dawa haithibitiki kwa tangazo, bali kwa hesabu iliyofanywa kwa utaratibu na ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua.

Linganisha na chanjo ya malaria ijulikanayo kama RTS,S. Jaribio lake kubwa la mwisho lilianza 2009 likamalizika 2014. Lilishirikisha watoto 15,459 katika vituo 11 kwenye nchi saba za Afrika. Vituo vitatu vilikuwa hapa Kenya: Kilifi, Siaya na Kombewa. Kila mtoto alikuwa na faili yake, na kila homa na kila kipimo cha damu kiliandikwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo hiyo itumiwe, pamoja na matokeo ya majaribio yaliyofuata, lilitegemea rekodi za namna hiyo.

Uuze nini?

Kosa la wengi wanaoanza ni kutangaza kwamba wanafanya kila kitu. Mteja haoni pa kukushika. Chagua jambo moja au mawili unayoyajua kwa mikono yako.

Wapo washauri wanaotembelea vituo vya utafiti kwa niaba ya mfadhili, wakilinganisha fomu za utafiti na kadi za hospitali. Wapo wanaosaidia kuandika mpango wa utafiti na maombi yapelekwayo kwa kamati ya maadili. Wengine hufundisha wafanyakazi wapya, wengine husafisha na kuchanganua takwimu, na wengine hukitayarisha kituo kabla ya wakaguzi wa serikali kufika.

Kama umekaa miaka mitano ukitunza dawa za utafiti katika duka la dawa la hospitali, basi uza hilo. Vituo vingi vidogo havina mtu wa kuwafundisha namna ya kuandika joto la friji kila siku na hatua za kuchukua stima inapopotea usiku.

Pia, hakikisha unazijua kanuni za sasa. Mwongozo wa kimataifa wa utafiti wa tiba, ambao wenye kazi huuita GCP kwa kifupi, ulitolewa 1996, ukafanyiwa marekebisho 2016, na toleo la tatu likapitishwa Januari 2025. Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 limekuwa msingi wa maadili ya utafiti kwa binadamu, nalo lilirekebishwa Oktoba 2024. Ikiwa mara ya mwisho kusomea mambo haya ni kabla ya miaka hiyo, rudi darasani kwanza. Leseni yako ya taaluma, iwe ya uuguzi, ufamasia au utabibu, nayo isiwe imepitwa na wakati.

Sheria na ushuru

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, kisha ufungue akaunti ya benki kwa jina hilo. Usichanganye pesa za kazi na za nyumbani. Utahitaji pia kujisajili na KRA kwa mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS, kwa kuwa mteja asiye na ankara ya namna hiyo hawezi kuihesabu ada yako miongoni mwa gharama zake anapolipa ushuru.

Jambo linalowashtua wengi ni makato. Mteja aliye hapa nchini hukata asilimia 5 ya ada ya ushauri na kuipeleka KRA kabla ya kukulipa. Ukidai Sh200,000, utapokea Sh190,000. Usidhani umemalizana na serikali. Makato hayo ni sehemu tu ya ushuru wako, na hesabu kamili ya mwaka sharti iwasilishwe kabla ya Juni 30 mwaka unaofuata. Kumbuka vile vile kwamba sasa huna mwajiri wa kukulipia malipo ya uzeeni wala bima ya afya. Hayo yote ni juu yako.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayozitambua habari za afya ya mtu kuwa ni za kulindwa zaidi. Kompyuta yako iwe na neno la siri. Faili za wagonjwa zisiachwe katika kiti cha nyuma cha matatu, na majina ya washiriki yasitumwe kwa simu. Uliza katika afisi ya Kamishna wa Data kama kazi yako inakuhitaji ujisajili.

Hatimaye, jua idhini ambazo utafiti wenyewe lazima uwe nazo. Jaribio la dawa kwa binadamu halianzi bila kibali cha kamati ya maadili iliyotambuliwa, leseni ya NACOSTI na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mteja akikwambia, "Tuanze tu, barua iko njiani," mwambie utangoja barua.

Bei ya siku moja

Wengi hukosea kwa kugawa mshahara wao wa zamani kwa siku za mwezi. Bei hiyo itakufilisi. Tuchukue mfano.

Tuseme wataka kubaki na Sh150,000 kwa mwezi kabla ya ushuru. Kwa mwaka ni Sh1,800,000. Ongeza gharama za bima, kompyuta, simu, mafunzo na mhasibu, tuseme Sh600,000. Jumla ni Sh2,400,000. Sasa hesabu siku. Mwaka una takriban siku 250 za kazi, lakini si zote utakazolipwa. Siku nyingine utatafuta wateja, utaandika maombi, utaugua au utafuatilia malipo. Ukipata siku 120 za kulipwa, umefanya vyema. Gawanya Sh2,400,000 kwa 120, na bei yako ni Sh20,000 kwa siku, nauli na malazi kando.

Kabla ya kuacha ajira, weka akiba ya kukulisha wewe na jamaa yako kwa miezi sita. Wateja wakubwa hulipa polepole, na siku 60 baada ya ankara si ajabu. Karo ya shule haingoji.

Wateja wako wapi?

Usianze na kampuni kubwa za ng'ambo. Anza na walio karibu: wahadhiri wanaofanya utafiti wakiwa na fedha kidogo, hospitali za misheni na za kaunti, na mashirika yanayoendesha miradi midogo ya afya. Aidha, majaribio mengi huorodheshwa hadharani. Daftari la Afrika la majaribio ya tiba, liitwalo PACTR na lenye makao yake Cape Town, laonyesha nani anafanya utafiti gani, na wapi. Hapo utajua ni nani wa kumwandikia barua.

Mwajiri wako wa zamani pia aweza kuwa mteja wa kwanza. Lakini usome upya mkataba uliotia sahihi naye. Usiondoke na fomu, takwimu wala mipango ya utafiti wake. Si mali yako.

Huwezi kuwa refa na mchezaji

Sasa tufike penye uzito. Ukiwa umeajiriwa, kuna mkubwa wa kukuunga mkono unapogundua kosa. Ukiwa peke yako, anayekulipa ndiye mara nyingine asiyependa kusikia ulichokiona.

Tuseme umetumwa kukagua kituo. Fomu ya ridhaa ya mgonjwa ina tarehe ya Machi 4, lakini rekodi ya maabara yaonyesha damu yake ilitolewa Machi 3. Maana yake ni kwamba huenda alitobolewa sindano ya utafiti kabla ya kukubali. Msimamizi anakuomba, kwa upole, "Ndugu yangu, hiyo ni siku moja tu. Tuibadilishe tumalize."

Huruhusiwi kubadilisha. Hata kosa la kalamu husahihishwa kwa mstari mmoja juu ya neno, ili la kwanza liendelee kusomeka, na pembeni aliyeliandika anatia sahihi, tarehe na sababu. Wino mweupe haugusi karatasi za utafiti. Nalo kosa kama hili la ridhaa huripotiwa kwa mfadhili na kwa kamati ya maadili. Huenda ukampoteza mteja huyo. Ukinyamaza, wakaguzi watakapolifumania, jina lako ndilo litakalokuwa chini ya ripoti ya uongo, na katika kazi hii watu hujuana.

Linalozidi hayo ni yule mgonjwa. Alikuja hospitali akiwa na haki ya kusema hapana. Fomu ile ndiyo kinga yake, na wewe ulitumwa kuangalia kama aliipata.

Hivyo basi, jiwekee mipaka mapema. Usikubali ada inayotegemea matokeo ya jaribio. Lipwa kwa siku au kwa kazi. Usiwafundishe wafanyakazi wa kituo kwa malipo yao, kisha urudi kuwakagua kwa malipo ya mfadhili. Ukiwa na hisa katika kampuni yenye dawa inayojaribiwa, sema kabla ya kutia sahihi.

Mkataba wako nao useme wazi kazi ni ipi, siku ngapi, nani anagharimia safari, malipo yatolewe lini na kila upande utoe notisi ya muda gani. Kifungu cha kutunza siri ni cha kawaida, lakini kisikuzuie kuripoti madhara yaliyompata mgonjwa. Kikikuzuia, mwombe wakili akusaidie kukibadilisha, au uiache kazi. Uliza pia kuhusu bima ya makosa ya kikazi. Bila hiyo, kosa lako moja laweza kuuza shamba lako.

Wiki hii chukua daftari, uandike mambo matatu: kazi mbili unazozijua vizuri, majina ya watu watano waliokuona ukizifanya, na pesa ulizo nazo hivi sasa. Kama majina hayafiki matano au akiba haifiki miezi sita, si aibu kuendelea na ajira mwaka mwingine huku ukijiandaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika majaribio ya dawa kilichoandikwa daftarini ni habari ya mwili wa mtu, na mtu huyo hana njia ya kukukagua wewe. Amekuamini tu.