Mwaka Mpya wa Kichina na Vipuri vya Maabara

Ndugu zangu wa maabara, Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia, agizeni vipuri mapema. Sikukuu hii hufuata mwezi kama Idd, ila haizunguki mwaka mzima. Idd huwahi kwa siku 11 hivi kila mwaka. Wachina wao huongeza mwezi wa 13, mara 7 katika miaka 19, basi yao hubaki kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2025 ilikuwa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari. Likizo ya serikali ni wiki moja na kitu, lakini wafanyakazi wengi wa viwanda vya Shenzhen wametoka mikoa ya mbali. Wakishakwenda kwao kula na wazazi usiku wa mkesha, kiwanda kinaweza kulala wiki mbili au zaidi. Na tarehe ya kukabidhi tasnifu haisogei! Mimi bodi zangu za saketi huziagiza Desemba.