Uzee na Lugha: Tatizo la Kupima Msongamano wa Mawazo katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna isimu ilivyoingia katika elimu ya uzee, yaani jerontolojia, na kuchunguza iwapo kipimo kilichotumiwa kwa Kiingereza chaweza kuwafaa wazee wasemao Kiswahili.

2.0 Utafiti wa Watawa

Mwaka 1986 David Snowdon alianza kuwachunguza watawa wa Kikatoliki wa School Sisters of Notre Dame nchini Marekani. Watawa 678, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa akili mara kwa mara, na bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Kwa kuwa maisha yao yalifanana sana, tofauti nyingi ambazo huwatatiza watafiti zilipungua.

Katika hifadhi za shirika zilikuwamo tawasifu walizoandika wakiwa na umri wa wastani wa miaka 22. Mwanasaikolojia-lugha Susan Kemper alishiriki kuzichambua kwa kuhesabu mawazo katika kila maneno 10. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalihusu watawa 93. Wale ambao maandishi yao ya ujanani yalikuwa na msongamano mdogo wa mawazo walielekea zaidi kupata alama duni uzeeni, yapata miaka 58 baadaye. Miongoni mwa 14 waliokwisha kufariki, wote waliothibitika kuwa na maradhi ya Alzheimer walikuwa wa kundi hilo. Hata hivyo, uhusiano huu hauthibitishi kwamba uandishi hafifu ndio uletao maradhi.

3.0 Tatizo la Neno

Kipimo hiki kimejengwa juu ya neno, na hapo ndipo penye utata. Tuchukue mfano wa neno "walipokitafuta". Lina mawazo mawili: tendo la kutafuta na uhusiano wa wakati. Kiingereza huhitaji maneno matano kuyaeleza hayo. Basi tukihesabu kwa neno, karibu kila Mswahili ataonekana kuwa na msongamano mkubwa, na mzee ambaye akili yake imeanza kufifia hatatambuliwa.

Tukihesabu kwa mofimu, tunaangukia upande wa pili. Katika "kisu kikali kimevunjika", kiambishi *ki-* kinajirudia mara tatu bila ya kuongeza wazo lolote, hivyo alama zitashuka pasipo sababu.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza kishazi kiwe ndicho kizio cha hesabu, na viwango vitokane na wazungumzaji wa Kiswahili wenyewe. Aidha, kwa kuwa wazee wengi hawakuacha maandishi, yafaa zitumiwe simulizi za mdomo, na methali zilizokaririwa zisihesabiwe kuwa mawazo mapya. Bila ya marekebisho hayo, kipimo kitatueleza muundo wa lugha, wala si hali ya mzee anayehitaji msaada wetu.