Kitanda Usichokilalia: Kasoro za Matumizi katika Programu Huria

Programu huria ni programu za tarakilishi ambazo msimbo wake uko wazi, hivi kwamba yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Watetezi wake hushikilia kwamba macho yanapokuwa mengi, kasoro haziwezi kujificha. Hata hivyo, tajriba ya watumiaji inadhihirisha kwamba kuonekana kwa kasoro si kurekebishwa kwake.

Mfano maarufu unatokana na GNOME, mazingira ya eneokazi yatumiwayo katika mfumo wa Linux. Mnamo mwaka wa 2004 paliwasilishwa ombi kwamba kidirisha cha kuchagua faili kionyeshe picha ndogo ndogo, ili anayetafuta picha moja miongoni mwa mia asibahatishe kwa majina. Ombi hilo lilitimizwa katika toleo la 44, Machi 2023. Mtoto aliyezaliwa lilipoandikwa alikuwa amekwisha kufikia umri wa kupiga kura.

Ucheleweshaji huu una sababu tatu. Kwanza, wachangiaji wengi hujitolea, na anayejitolea huanza na linalomkera yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mtaalamu aandikaye amri kwa kibodi hakifungui kidirisha hicho mara kwa mara. Pili, kasoro ya matumizi haizimi tarakilishi wala haipotezi data, hivyo huwekwa nyuma ya zile zifanyazo hivyo. Tatu, udogo wake ni wa nje tu. Kidirisha kile kilitegemea maktaba ya GTK, ambayo mbinu zake za kupanga vitu kwenye skrini zilihitaji kuundwa upya.

Mwaka wa 2009, Ubuntu ilianzisha kampeni ya kurekebisha kasoro ndogo 100, ikazifananisha na mikato ya karatasi. Mkato mmoja huvumilika. Mia humkatisha mtu tamaa.

Suala hili linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tafsiri ilifungua mlango wa kuingilia, lakini mlango wa malalamiko ulibaki wa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo ripoti za kasoro huandikwa. Mtumiaji asiyeimudu hukereka kimya kimya, na kimya chake huchukuliwa kuwa ridhaa. Basi kazi ya mfasiri haikomi kwenye menyu: inambidi pia kuisikiliza kero ya mtumiaji na kuifikisha kwa mwenye uwezo wa kuitatua.