Rada Iliyoona Ikachuja: Helikopta katika Michezo ya Vita vya Angani

Katika lugha ya mitaani ya vijana wa Kenya, "kaa rada" ni kumtaka mtu awe macho. Yamkini ndiyo maana mchezaji wa michezo ya kompyuta ya vita vya angani hushangaa pale ndege yake ya kasi inaposhindwa kunasa helikopta iliyo mbele yake. Hulalama kwamba rada "haioni". Kitenzi hicho ndicho kinachozua utata.

Ichukuliwe kwamba helikopta imeelea chini, mbele ya ukuta wa Bonde la Ufa pale Kariandusi, nayo ndege ya kivita inaijia kutoka upande wa Nakuru. Mawimbi ya rada huigonga helikopta na kurudi, lakini hugonga pia miamba iliyo nyuma yake, ambayo mwangwi wake ni mkubwa mno. Rada za zamani hazina njia ya kutenganisha miangwi hiyo. Mfano ni ile ya F-5E, aina ya ndege ambayo Kenya ilianza kuipokea mwaka 1978 na ambayo imo katika mchezo wa DCS World. Ikielekezwa chini, kioo hujaa mwangwi wa ardhi. (Wako wanaouita mwangwi huo "kelele", jina hilo halifai, kwani kelele za rada aghalabu huzaliwa ndani ya mtambo wenyewe.)

Rada za baadaye hupima mwendo pia, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Ndiyo inayofanya honi ya matatu isikike nyembamba inapokuja na nzito inapokwenda zake. Rada hukokotoa mwendo wa ndege inayoibeba, ikatambua mwangwi wa vitu visivyosogea, kisha ikautupa. Mlima hutoweka, na helikopta iliyotulia hutupwa pamoja nao. Hata ikisafiri, mradi ipite kwa ubavu, kasi yake ya kumkaribia mwindaji hulingana na ya ardhi. Rada iliona, ikachuja.

Mbona basi chujio lisilegezwe? Karibu na Kariandusi hupita barabara kuu ya Nairobi–Nakuru. Chujio likilegezwa, malori yaendayo kilomita 80 kwa saa yatajitokeza kama shabaha.

Hata hivyo, ncha za mapangaboi ya helikopta huzunguka kwa takriban mita 200 kwa sekunde hata chombo kikiwa kimetulia, na rada halisi yaweza kuunasa mwendo huo. Mchezo unaoichukulia helikopta kuwa nukta moja yenye kasi moja huinyima rada kidokezo hicho.

Mchezaji mzoefu mwenye rada ya zamani hushuka chini ya helikopta ili nyuma yake pawe na anga tupu. Pale Kariandusi, chombo kikiwa juu kidogo tu ya miti, nafasi hiyo haipo. Husalia kombora lifuatalo joto la injini, au macho yake mwenyewe.