Norwei: Maporomoko ya maji yanayofunguliwa na kufungwa kama bomba

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, wageni kutoka pande zote za dunia humiminika magharibi mwa Norwei kutazama maporomoko ya Vøringsfossen. Maji hushuka mita 182 kwenye korongo lenye kuta za mawe, na ukungu wake huwalowesha watu waliosimama juu ya ukingo.

Wengi wao hawajui kwamba maji hayo yameachiwa kwa ajili yao. Juu milimani kuna bwawa la umeme, na leseni yake inataka mto upate angalau mita 12 za ujazo za maji kila sekunde katika miezi hiyo ya utalii. Hayo ni sawa na madumu 600 ya lita 20 kwa kila sekunde moja. Msimu ukiisha, maji mengi huelekezwa kwenye mitambo.

Ilikuwaje maporomoko yakawa na ratiba? Tuanze na namna yalivyotokea.

Fjodi ni nini?

Fjodi ni mkono mrefu na mwembamba wa bahari unaoingia ndani kabisa ya nchi kavu, katikati ya milima. Zamani sana, Norwei yote ilifunikwa na barafu nene. Barafu hiyo haikutulia. Ilisogea polepole kuelekea baharini ikikwangua miamba kama msasa na kuchimba mabonde yenye kina kirefu. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia na kuyajaza. Fjodi ndefu kuliko zote nchini humo, Sognefjord, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kina chake kinapita mita 1,300.

Mabonde madogo ya pembeni yalikuwa na barafu nyembamba, kwa hiyo hayakuchimbwa sana. Yakabaki yananing'inia juu ya bonde kubwa. Mto unaopita huko ukifika ukingoni haupati mteremko wa kushukia taratibu, bali huanguka. Ndiyo maana ukisafiri kwa boti ndani ya fjodi unaona maji yakiporomoka kila upande.

Dada Saba na Mchumba

Mfano mzuri ni fjodi ya Geiranger, ambayo tangu mwaka 2005 imo kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia pamoja na fjodi ya Nærøy. Hapo kuna maporomoko saba yaliyojipanga bega kwa bega, na wenyeji huyaita Dada Saba. Ng'ambo ya pili yapo mengine peke yake, yanayoitwa Mchumba. Wanasimulia kwamba kijana huyo aliwaposa dada wote, mmoja baada ya mwingine, wote wakamkataa, naye akaishia kwenye pombe. Kwa sababu hiyo, jiwe lililo katikati ya maji yake lina umbo la chupa.

Dada Saba hutegemea theluji inayoyeyuka juu ya mlima. Mgeni akifika Mei au Juni, huwakuta wote wakiwa na nguvu. Akichelewa hadi mwisho wa Agosti, na mvua ikiwa haijanyesha, anaweza kukuta baadhi yao wamekauka. Hapo ni hali ya hewa tu inayoamua. Kule Vøringsfossen, binadamu naye ana sauti.

Kwa nini umeme unayataka maporomoko?

Umeme wa maji hutokana na vitu viwili: wingi wa maji na urefu yanakoangukia. Maji machache yanayotoka juu sana yanaweza kutoa umeme sawa na maji mengi yanayoshuka kidogo. Kwa hiyo mahali panapompendeza mtalii ndipo hapohapo mhandisi anapopatafuta. Maji yakipita ndani ya bomba kwenda kwenye mitambo, hayawezi tena kuanguka hadharani.

Norwei hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutokana na maji. Mabwawa ya milimani hujazwa theluji inapoyeyuka, kisha maji hutumika wakati wa baridi kali, nyumba zinapohitaji joto. Umeme huo umeinua viwanda na maisha ya watu, lakini si kila mtu alikubali bei yake.

Mwaka 1970, mamia ya watu walipiga kambi milimani kuzuia mradi uliotaka kuchukua maji ya Mardalsfossen, maporomoko yenye mruko mmoja wa mamia ya mita. Baadhi yao walijifunga kwa minyororo. Mmoja wao alikuwa Arne Næss, mwanafalsafa mashuhuri wa nchi hiyo. Polisi waliwabeba na kuwaondoa, na mradi ukajengwa. Leo Mardalsfossen hupata maji yake kwa sehemu tu ya majira ya joto.

Hata hivyo, mjadala haukuishia hapo. Mwaka 1973 bunge la Norwei lilipitisha mpango wa kwanza wa kitaifa wa kulinda mito isijengewe mabwawa ya umeme. Mpango huo umepanuliwa mara kadhaa, na sasa unalinda karibu mito 390 pamoja na vijito vyake.

Kihansi nako

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Bwawa la Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, lilijengwa kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na nchi kadhaa, Norwei ikiwa mojawapo. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 180, umeme ambao taifa liliuhitaji.

Lakini maji yalipopungua kwenye maporomoko, ukungu wake nao ulipungua. Ndani ya ukungu huo aliishi chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto kamili. Mashine za kunyunyizia maji zilifungwa, lakini hazikutosha, na wataalamu hutaja pia ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa kwenye bustani ya wanyama mjini New York, na mwaka 2012 vizazi vyao vilianza kurudishwa Kihansi.

Msikilizaji, ukisikia mradi wa bwawa unakuja kwenye mto wenu, usiishie kuuliza utatoa megawati ngapi. Uliza pia: mtoni yatabaki maji kiasi gani, kwa miezi gani, na nani atayapima? Kule Vøringsfossen majibu yameandikwa ndani ya leseni, kwa tarehe na kwa kipimo. Ahadi isiyo na kipimo ni vigumu kuidai.